Shali ya Pashmina ya Kashmir: Namna ya Kuitambua, Kuivaa na Kuitunza

Shali ya pashmina aghalabu huharibiwa na yule yule anayeipenda. Huifua kwa sabuni ya unga, huianika kwenye kamba juani, kisha huifungia ndani ya mfuko wa plastiki akidhani ameihifadhi, na baada ya misimu miwili huikuta imesinyaa, imefifia rangi au imetobolewa na wadudu. Makosa hayo yote hutokana na kutojua shali imetengenezwa kwa kitu gani na kwa njia gani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mlimani na kwenye kitanda cha kufumia cha mfumi kabla ya kufika kwenye beseni la kufulia, kwani mtu akishaelewa jinsi uzi ulivyosokotwa, karibu kila kanuni ya kuvaa na kutunza ataweza kuikisia mwenyewe.

Nawalenga zaidi wasomaji ambao shali hizi huwafikia kwa njia za kawaida: wanaokwenda India kwa matibabu au biashara na kurudi nazo, wanaoletewa na ndugu walioko Ghuba, na waliorithi shali ya bibi au kilemba cha harusi cha babu. Nimekitaja kilemba kwa sababu vilemba vya kifahari vya sufu laini wanavyofunga Waomani, na ambavyo mabwana harusi wa Unguja huvifunga pamoja na joho, kwa sehemu kubwa hufumwa na kutariziwa Kashmir. Yote yatakayosemwa hapa kuhusu kufua na kuhifadhi yanavihusu pia.

Hatua ya kwanza: elewa unyuzi wenyewe

Pashmina ni manyoya laini ya ndani ya mbuzi wa Changthangi, wanaofugwa na Wachangpa, wafugaji wa kuhamahama wa uwanda wa Changthang katika Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Majira ya baridi huko hali ya hewa huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na ili aishi, mbuzi huota chini ya nywele zake ngumu tabaka la pili la manyoya membamba mno. Baridi inapopungua na tabaka hilo kuanza kujiachia lenyewe, mfugaji hulichana kwa kitana. Mbuzi hachinjwi, na mwaka unaofuata huchanwa tena. Mavuno ya mnyama mmoja ni gramu mia chache tu, na zikishatolewa nywele ngumu na uchafu hubaki chini ya nusu ya uzito huo.

Unyuzi mmoja una kipenyo cha maikroni 12 hadi 16, yaani sehemu 12 hadi 16 kati ya sehemu elfu moja za milimita, ilhali unywele wa binadamu kwa kawaida ni maikroni 50 hadi 100. Wembamba huo ndio unaoipa shali joto lake, kwa kuwa nyuzi nyembamba zilizosongamana hushika hewa nyingi katikati yake, na ndio pia unaoifanya iwe dhaifu inapovutwa au kusuguliwa. Zaidi ya hayo, kila unyuzi umefunikwa na magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto, sabuni kali na msuguano huyafanya magamba hayo yanasane, na yakishanasana hayaachani tena. Hicho ndicho kinachotokea shali inapotoka kwenye mashine ya kufulia ikiwa ndogo, nzito na ngumu, na hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa.

Hatua ya pili: jua kazi iliyofanyika, na mikono iliyoifanya

Manyoya yakifika Srinagar, mji mkuu wa bonde la Kashmir, huingia mikononi mwa wanawake. Wao hutenga nywele ngumu kwa vidole, huyachana, kisha huyafukia kwa siku kadhaa katika unga wa mchele uliolowekwa na kusagwa, ambao hunyonya mafuta na kuyafanya meupe na laini zaidi. Baada ya hapo huyasokota kwa gurudumu la mkono liitwalo yinder, na uzi mmoja mwembamba huunganishwa na mwingine ili uweze kustahimili kufumwa. Kazi hii ya kusokota kwa karne nyingi imekuwa chanzo cha kipato cha wanawake majumbani, na kwa maoni yangu ndiyo hatua inayosahaulika isivyo haki pale sifa zote zinapopewa mfumi.

Uzi uliosokotwa kwa mkono ni laini na mwepesi, lakini hauwezi kuhimili mvutano wa mashine ya kufumia. Kwa sababu hiyo baadhi ya viwanda huchanganya pashmina na nailoni ili uzi usikatike mashinani, na baadaye huyeyusha nailoni hiyo kwa tindikali. Shali inayopatikana hivyo huonekana nzuri dukani, ila unyuzi wake umekwisha kudhoofika. Uzi halisi wa mkono hutiwa kwanza maji mazito ya wanga wa mchele, hukaushwa, kisha hutandwa kwenye kitanda cha mbao, na mfumi huupitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, kati ya nyuzi za mtande, zile zilizotandwa kwa urefu, kwa mikono na miguu. Mfumo upendwao sana kwa shali isiyo na mapambo hutoa almasi ndogo ndogo zinazoonekana mwanga unapoanguka pembeni. Kashmir huuita chashm-e-bulbul. Kitambaa kikishatoka kitandani, fundi mwingine hukipitia chote kwa kibanio akiondoa vifundo na vinyweleo vilivyobaki, na mwingine hukifua na kukinyoosha.

Shali zenye mapambo ni za aina mbili kubwa, na yeyote anayetaka kununua lazima azitofautishe.

Ya kwanza ni kani, ambayo maua yake yamefumwa pamoja na kitambaa chenyewe. Jina linatokana na vijiti vyembamba vya mti vinavyozungushiwa nyuzi za rangi. Makao yake mashuhuri ni kijiji cha Kanihama, umbali mfupi kutoka Srinagar. Mchoraji huchora ua, kisha fundi wa talim, yaani maandishi ya kumwongoza mfumi, hulihesabu uzi kwa uzi na kuliandika kwa alama fupi zinazoeleza ni rangi gani ipite kwenye nyuzi ngapi za mtande. Mfumi huketi na karatasi hiyo mbele yake, huisoma mstari kwa mstari, hunyanyua nyuzi nne, huchomeka kijiti chekundu, hunyanyua nyuzi mbili, huchomeka cha kijani, na pale rangi mbili zinapokutana huzifunga moja kwa nyingine ili kitambaa kisiachie ufa. Katika shali iliyojaa maua, vijiti vinavyoning'inia kwa wakati mmoja huweza kufika mamia. Upande wa nyuma ndio humwelekea mfumi, hivyo uso wa shali huwa chini, mbali na macho yake. Siku nzima ya kazi huweza kuongeza sentimita moja au mbili tu, na shali kubwa huwachukua wafumi wawili miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka.

Ya pili ni sozni, ambayo mapambo yake hutiwa kwa sindano juu ya kitambaa kilichokwisha fumwa. Michoro hupigwa chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, na mtarizi, ambaye katika kazi hii mara nyingi ni mwanamume, huijaza kwa mishono midogo kabisa, akichota uzi mmoja au miwili ya kitambaa kwa kila mshono. Fundi bingwa huweza kutarizi shali iwe na nyuso mbili zilizo sawa, kiasi kwamba huwezi kujua upi ni wa mbele. Shali hiyo huitwa dorukha, na kwangu mimi hiyo ndiyo kilele cha ustadi wa sindano.

Pambo litakalokurudia tena na tena katika aina zote mbili ni lile umbo lenye tumbo nene na ncha iliyopinda, liitwalo buta. Msomaji wa Pwani amelifahamu tangu utotoni, kwa kuwa ndilo lile la korosho kwenye kanga. Shali za Kashmir zilianza kupendwa sana Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, na viwanda vya Ufaransa na Uingereza vikaziiga. Mji wa Paisley huko Uskoti ulizifuma kwa wingi hata jina lake likabaki kwenye pambo hilo katika lugha nyingi za Ulaya. Mtindo ulipobadilika huko katika miaka ya 1870, wafumi wa Kashmir walipoteza soko lao kubwa, na kani karibu ipotee. Iliyopo leo ni kazi iliyofufuliwa na watu wachache waliokuwa bado wanajua kusoma talim.

Hatua ya tatu: kagua kabla ya kulipa

Neno pashmina sokoni limetumiwa kwa kila kitambaa laini chenye matamvua, hata kile cha viskosi au akriliki, nyuzi zinazotengenezwa kiwandani. Usimtegemee muuzaji, na usitegemee jaribio maarufu la kuipitisha shali ndani ya pete, kwa sababu kitambaa chembamba cha hariri au cha viskosi kitapita vizuri vile vile, wakati shali halisi iliyojaa tarizi haitapita. Fuata mpangilio huu.

Anza kwa mkono. Ishike shali pembeni na uiache kwenye kiganja kwa muda. Pashmina hupata joto la mkono upesi na haitelezi. Ikiwa inateleza na kung'aa, basi kuna hariri au viskosi ndani yake. Hariri si kasoro, kwani shali nyingi nzuri huchanganywa nayo kwa makusudi ili ziwe imara, ila unastahili kuambiwa na kulipa bei ya mchanganyiko.

Kisha iinue kwenye mwanga wa dirisha. Kazi ya mkono huonyesha tofauti ndogo ndogo: uzi mnene kidogo hapa, mwembamba pale, mistari isiyo na ulingano wa mashine. Kitambaa kilicho sawa kabisa kutoka ncha hadi ncha kimetoka kiwandani. Kitazame pia kwa pembe. Uso wa pashmina una vinyweleo vifupi sana, na hauwi na mng'aro mkali.

Halafu ugeuze upande wa nyuma, na hapa usiwe na haraka. Katika kani halisi, nyuma ya kila ua rangi huishia pale pale linapoishia ua, na kwenye mpaka wa rangi mbili utahisi kwa ncha ya kidole tuta jembamba lililotokana na nyuzi kufungana. Katika kani ya mashine, nyuzi za rangi hukokotwa nyuma ya kitambaa kutoka ua moja hadi jingine, ama zikiachwa zikining'inia ama zikikatwa, na utaona vishungi vilivyonyolewa kila mahali. Katika sozni, tafuta mahali fundi alipoanzia na kumalizia uzi. Mashine hurudia ua lile lile bila badiliko hata moja, lakini mkono hauwezi kulirudia hivyo.

Ukiruhusiwa, chomoa unyuzi mmoja kutoka kwenye tamvua na uuchome mbali na shali yenyewe. Manyoya hunuka kama nywele zinazoungua na huacha jivu linalosagika, viskosi hunuka kama karatasi, na akriliki huyeyuka ikaacha kitone kigumu cheusi. Jaribio hili hutenga manyoya na viskosi au akriliki, lakini haliwezi kutofautisha pashmina na sufu ya kondoo.

Mwisho, uliza lebo. Pashmina ya Kashmir ililindwa kisheria nchini India kama kiashiria cha kijiografia, yaani jina linaloruhusiwa kwa bidhaa ya mahali hapo tu, mwaka 2008, na kuna kituo mjini Srinagar kinachopima shali na kuzipa lebo yenye namba yake ya pekee. Masharti yake ni kwamba unyuzi usizidi maikroni 16, uzi uwe umesokotwa kwa mkono, na kitambaa kiwe kimefumwa kwa mkono. Shali isiyo na lebo huweza kuwa halisi, hasa ikiwa ni ya zamani, lakini kwa shali mpya ya bei kubwa sioni sababu ya kulipa bila lebo hiyo.

Lipo onyo moja ambalo halina mjadala. Ukipewa shali iitwayo shahtoosh, iache. Hiyo hutokana na manyoya ya chiru, paa wa uwanda wa Tibet, ambaye hafugiki na ambaye huuawa ili manyoya yake yapatikane. Shali moja hugharimu maisha ya wanyama watatu au zaidi. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umepiga marufuku biashara yake ya kimataifa tangu mwaka 1979, na Tanzania, Kenya, Oman na India zote ni wanachama. Msafiri atakayekamatwa nayo uwanjani hatasaidiwa na hoja kwamba alipewa zawadi.

Hatua ya nne: ivae kwa namna isiyoichosha

Vipimo vya kawaida ni viwili. Kuna shali pana ya takriban mita 1 kwa mita 2, na ile nyembamba ya takriban sentimita 70 kwa mita 2, ambayo inafaa shingoni. Shali za wanaume ni kubwa zaidi, na huko Kashmir na India ya kaskazini huzungushwa mwilini nzima au hukunjwa kwa urefu na kuwekwa juu ya bega moja.

Kwa mwanamke anayeivaa juu ya buibui, gauni refu au sari, namna iliyo salama na yenye heshima ni hii. Kunja shali kwa urefu mara moja, iweke mgongoni ili ncha zote mbili zije mbele, kisha chukua ncha ya kulia uirushe juu ya bega la kushoto, na uache ncha ya kushoto ianguke huru. Buta kubwa za ncha zitaonekana mbele na nyuma, na hapo ndipo fundi alipozipanga zionekane. Shali ya kani iliyojaa rangi inastahili vazi lisilo na maua. Ukiivaa juu ya kanga au kitenge chenye michoro mizito, viwili hivyo vitagombana na kila kimoja kitapoteza uzuri wake. Shali ya rangi moja yenye almasi za chashm-e-bulbul hukubaliana na karibu kila kitu, na mtu anayenunua shali moja tu maishani namshauri aanze na hiyo.

Mwanamume aliyevaa kanzu anaweza kuikunja mara tatu kwa urefu na kuiweka begani ikiwa wazi, ncha moja mbele na moja nyuma. Juu ya koti la suti, shali nyembamba huzungushwa shingoni mara moja na ncha zake kuingizwa ndani ya koti. Katika Njombe, Arusha, Limuru au Bukavu miezi ya Juni na Julai, na kwa walioko London au Toronto kwa sehemu kubwa ya mwaka, hilo ni vazi la kila siku kabisa. Dar es Salaam na Mombasa ni la usiku wa harusi ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi.

Kabla ya kuivaa, vua pete zenye meno, bangili zenye kona na saa yenye mkanda wa chuma, kwa sababu uzi mmoja ukinaswa huvuta njia ndefu kwenye kitambaa. Usitumie pini. Ukilazimika kuishikiza, tumia kishikizo cha sumaku. Usibebe mkoba wa begani juu yake, kwani mkanda wa mkoba utasugua sehemu moja mpaka ichakae. Manukato yatangulie: jipake, subiri yakauke, ndipo uvae. Mafuta ya attar hasa yasiiguse shali, maana doa lake halitoki kwa urahisi. Wanaopenda kufukiza nguo kwa udi wanaweza kuendelea, mradi shali iwe juu ya tenge refu na chetezo kiwe mbali, kwani cheche moja ya mkaa hutoboa tundu ambalo kulitililia kutamchukua fundi siku nzima.

Hatua ya tano: ifue mara chache, na kwa utaratibu

Shali inayovaliwa juu ya nguo haihitaji kufuliwa kila mara. Baada ya kuivua, itandaze juu ya kitanda au kiti kwa usiku mmoja ipate hewa, na kwa kawaida hilo linatosha. Kuifua mara moja au mbili kwa mwaka si kidogo.

Kwanza pima rangi. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kikamue, kisha kikandamize juu ya kila rangi ya shali kwa dakika moja. Rangi yoyote ikihamia kwenye kitambaa, shali hiyo isiingizwe majini nyumbani. Kani na sozni za zamani nashauri zisifuliwe nyumbani kabisa, hata zikifaulu jaribio hili. Zipelekwe kwa dobi anayesafisha kwa kemikali bila maji, na aambiwe kwa mdomo na kwa maandishi kwamba ni pashmina.

Shali ya rangi moja iliyofaulu huoshwa hivi. Jaza beseni safi maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 30. Ukitia mkono usihisi joto wala ubaridi. Yeyusha humo kijiko kimoja cha shampuu ya watoto au sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya sufu. Sabuni ya kipande ni kali mno kwa magamba ya unyuzi. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vilivyowekwa ili vile protini ya madoa ya damu na vyakula, na pashmina nayo ni protini, kwa hiyo vitaila pia. Dawa za klorini za kung'arishia nguo nyeupe huyeyusha manyoya kabisa, na hazipaswi hata kusogezwa karibu.

Izamishe shali ikiwa imekunjwa kidogo, na uikandamize kwa viganja vilivyo wazi, ukishuka na kupanda polepole kwa dakika tatu au nne. Usifikiche, usisugue doa kwa doa, usipinde. Maji yakichafuka, usiinyanyue shali kwa ncha moja, kwani maji yaliyomo ndani yake ni mazito na yataunyoosha mtande. Weka mikono yote miwili chini yake, uinyanyue nzima, na uihamishe kwenye beseni la pili lenye maji ya joto lile lile. Kubadili ghafla kutoka uvuguvugu hadi baridi huchochea magamba kunasana. Suuza mpaka povu liishe, na katika maji ya mwisho tia kijiko kimoja cha siki nyeupe ili kuondoa mabaki ya sabuni.

Kukausha ndiko kunakoharibu shali nyingi zaidi. Itandaze juu ya taulo kubwa jeupe, uviringishe taulo pamoja na shali, ukandamize kwa viganja ili taulo linywe maji, kisha urudie kwa taulo kavu la pili. Baada ya hapo itandaze juu ya taulo jingine au wavu, kivulini penye upepo, uinyooshe pembe zake kwa vidole na uyachane matamvua kwa vidole vile vile. Usiitundike kwenye kamba. Jua la mchana hufifisha rangi na kuukausha unyuzi mpaka uwe mwepesi kukatika. Ikibaki na unyevu kidogo, pitisha pasi ya joto la chini upande wa nyuma, na kitambaa cha pamba kikiwa katikati. Sozni ipigwe pasi ikiwa imelala kifudifudi juu ya taulo ili mishono isipondwe.

Hatua ya sita: ihifadhi dhidi ya nondo, unyevu na mwanga

Anayekula shali ni kiwavi wa nondo wa nguo, na hupenda zaidi sehemu zenye jasho, mafuta ya nywele au tone la chakula. Kwa sababu hiyo usiiweke kwa muda mrefu shali ambayo haijasafishwa, hata kama haionekani chafu. Ikunje kwa ulegevu, uifunge ndani ya melimeli au shuka kuukuu la pamba lisilo na rangi, na uilaze kwenye droo au sanduku. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na kwenye mwambao, hasa wakati wa masika, ukungu utaota ndani ya wiki chache. Kila baada ya miezi miwili au mitatu ifungue, uikung'ute barazani kivulini, na uikunje upya kwa mistari tofauti, kwani mkunjo ukibaki mahali pamoja kwa miaka uzi hukatika hapo hapo.

Karafuu, majani makavu ya mwarobaini na vipande vya mti wa mwerezi huwekwa kwenye vifuko vidogo kando ya shali, lakini visiiguse, kwa kuwa mafuta yake huacha madoa. Harufu zake husaidia kiasi kuwafukuza nondo. Haziui mayai wala viwavi vilivyokwisha ingia. Vidonge vya naftalini navikataa, na kwa sababu nzito. Mvuke wake ni hatari kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hasa mtoto mchanga, na upungufu huo wa kurithi ni wa kawaida katika mwambao wa Afrika Mashariki na Oman. Mtoto hapaswi kufunikwa shali iliyokaa na vidonge hivyo.

Ukiona tundu jipya au chenga nyeupe zinazofanana na mchanga, chukua hatua siku hiyo hiyo. Itie shali ikiwa kavu kabisa kwenye mfuko usiopitisha hewa, ukamue hewa yote, na uiweke kwenye friza ya nyumbani kwa wiki mbili mfululizo. Ukiitoa, iache ndani ya mfuko mpaka irudi kwenye joto la chumba, la sivyo umande utaingia kwenye kitambaa. Hapa ndipo mfuko wa plastiki una kazi halali, na ni kwa muda huo tu. Wakati huo safisha sanduku au droo, pembe zake na nyufa zote.

Hatua ya saba: ikitoboka, mpe fundi anayeweza

India ina mafundi mahsusi wa kutililia vitambaa, waitwao rafugar, na mji wa Najibabad katika jimbo la Uttar Pradesh umejulikana kwao kwa muda mrefu. Rafugar hushona tundu kwa kuufuma upya mtande na mshindio kwa sindano, uzi baada ya uzi, na akipata nyuzi za rangi na umri ule ule mahali palipotoboka hupatikana kwa shida. Shali nyingi za karne ya 19 zilizo kwenye makumbusho zimepita mikononi mwao zaidi ya mara moja. Fundi wa kawaida wa cherehani hafai kwa kazi hii, kwani mshono wake utakikunja kitambaa pembeni mwa tundu na kuliongeza.

Kabla ya kuituma shali, ifanyie haya. Usikate nyuzi zinazoning'inia, hata zikichukiza macho, kwa sababu hizo ndizo rafugar atakazozirudisha mahali pake. Zungusha alama kuzunguka kila tundu kwa mishono mirefu ya uzi mweupe wa pamba, ukiiacha sentimita 2 kutoka ukingoni. Ihakikishe ni safi na haina mayai ya wadudu. Nyuzi zilizoanguka zikusanye kwenye bahasha ya karatasi na uiambatanishe. Ipige picha pande zote mbili, na urefu na upana wake uandikwe. Ikiwa kuna tamvua lililokatika, lifunge kwa kifundo kilegevu ili mtande usiendelee kufumuka njiani, kisha ikunje ndani ya melimeli, na melimeli ndani ya boksi gumu, ili isikandamizwe na mizigo mingine.